Unene Haupunguzwi kwa Kwaresima Moja



Kila mwaka mambo huwa hivi. Jumatano ya Majivu ikifika, watu kadhaa katika kila parokia huazimia mambo mawili kwa pamoja: kufanya toba na kupunguza tumbo. Mmoja aacha nyama, mwingine aacha sukari, wa tatu hali chakula cha jioni kabisa. Majuma yapita. Nguo zaanza kulegea, majirani waona, na mwenyewe afurahi. Halafu Pasaka yaja, na wali na nyama na soda vyaja pamoja nayo. Ikifika Pentekoste tumbo limekwisha kurudi mahali pake, na pengine limekuja na mdogo wake.

Juma hili twataka kueleza kwa nini huwa hivyo, na ni njia gani ifaayo zaidi. Neno letu ni moja. Uzito wa mwili hupunguzwa na mazoea madogo yasiyokoma, yakishikwa na nyumba nzima. Bidii kubwa ya siku chache hupita kama mvua ya vuli.

Labda msomaji atasema: "Haya ni mambo ya watu wa mjini. Sisi wa kijijini twahangaika na njaa." Njaa ipo, ni kweli. Lakini siku hizi katika kijiji kimoja, pengine katika nyumba ile ile, mtoto amedumaa kwa kukosa chakula bora na mama yake ana uzito uliozidi. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa wanawake 28 katika kila 100, wenye miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Mjini ni wengi kuliko kijijini, lakini kijijini nako wapo.

Ni nani hao? Ni mwenye duka, akaaye kitini tangu asubuhi hata usiku. Ni mwalimu na fundi cherehani. Ni mama auzaye maandazi, aonjaye kila karai. Ni baba aliyenunua pikipiki, ambaye sasa hata kisimani huenda kwa pikipiki. Ni bibi ambaye watoto wamekua na jembe limewaachia wakwe. Hata paroko yumo, kwa kuwa kila kigango afikapo humwandalia kuku na soda, naye hana moyo wa kukataa. Watu hawa msiwacheke. Wengine wamezaliwa na mwili upendao kunenepa, nao wala kidogo kuliko nyinyi mnaowacheka.

UNENE SI UTAJIRI, NA KUPUNGUA SI UGONJWA

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo. Kwa muda mrefu sana tulihesabu unene kuwa neema. Mke akinenepa mwaka wa kwanza wa ndoa, watu husema, "Anatunzwa." Akikonda, husema, "Nyumba ile ina shida." Tena tangu UKIMWI ulipoingia katika nchi zetu miaka ya 1980, kukonda kulipata jina baya zaidi.

Katika kila kijiji yupo mama wa namna hii. Amekwenda zahanati, akapimwa, akaambiwa shinikizo la damu limepanda, apunguze uzito kidogo. Akaitikia vizuri. Lakini njiani kurudi nyumbani akaanza kuogopa: "Nikipungua, watasema nini kisimani? Na mume wangu je? Watasema hanilishi." Basi akaendelea kula kama zamani kwa ajili ya midomo ya watu. Na siku atakapoanguka kwa kiharusi, hiyo midomo haitamlimia shamba.

Uzito uliozidi haumwui mtu siku ile ile. Hufanya kazi polepole kama mchwa katika nguzo: nje nguzo yaonekana nzima, ndani inaliwa. Hupandisha shinikizo la damu, huleta kisukari, huchosha moyo, huumiza magoti. Kisukari kisichotunzwa hupofusha macho, na kidonda kidogo cha mguu kinaweza kuwa sababu ya kukatwa mguu. Mama akianguka, haanguki peke yake. Shamba hubaki pori. Ng'ombe huuzwa kwa nauli ya hospitali. Mara nyingi binti huacha shule ili amwuguze. Je, haya si makubwa kuliko maneno ya kisimani?

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Nani aonaye mchwa kanisani akanyamaza?

PIMA KWA KAMBA

Ukitaka kujua kama jambo hili lakuhusu, huhitaji mashine. Chukua kamba isiyovutika, ya katani au ya mgomba. Simama wima bila viatu, na mwenzako apime urefu wako toka kisigino hata utosini. Kateni kamba hapo. Sasa ikunje sawasawa iwe nusu, kisha izungushe tumboni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Usikaze, wala usijibane tumbo. Pumua kama kawaida.

Ncha za kamba zikikutana, au zikipitana, vema. Zisipokutana, tumbo limezidi, maana kiuno chafaa kuwa chini ya nusu ya urefu wa mtu. Mafuta ya tumboni ndiyo yaletayo hatari kuliko ya nyonga na mapaja. Kipimo hiki hakimfai mwanamke mwenye mimba. Kamba usiitupe. Mwezi ujao pima tena, uone kama pengo limepungua hata kwa upana wa kidole.

Zahanati hutumia hesabu nyingine. Huchukua kilo za mtu, hugawanya kwa urefu wake wa mita, kisha hugawanya tena kwa urefu ule ule. Ikitoka 25 au zaidi, uzito umezidi. Ikitoka 30 au zaidi, ni unene wa hatari. Tuseme mama ana urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 80. Hesabu yake yatoka 31. Ili ashuke mpaka 25 ingempasa kupunguza kilo 16. Akisikia hivyo, atakata tamaa papo hapo! Lakini habari njema ni hii: akipunguza kilo 4 tu, yaani 5 katika kila 100 za uzito wake, tayari shinikizo la damu na sukari huanza kupata nafuu. Kilo 4 kwa mwaka mzima, ni nani asiyeweza?

KWA NINI MFUNGO MKALI HAUDUMU

Mungu aliuumba mwili wa mtu uiogope njaa. Chakula kikipungua ghafula, mwili wadhani njaa imeingia nchini. Wapunguza matumizi yake ya nguvu, na waongeza hamu ya kula. Wataalamu wa Australia walitangaza mwaka 2011 habari za watu 50 waliopewa chakula kidogo sana kwa majuma 10. Walipungua, ndiyo. Lakini hata mwaka mmoja baadaye, homoni za miili yao zilikuwa bado zadai chakula kuliko mwanzo. Basi aliyenenepa tena baada ya Pasaka asijione mtu dhaifu kuliko wote. Amepigana na maumbile kwa nguvu, na maumbile yakamshinda.

Tena tukumbuke kuwa mfungo wa Kanisa haukuwekwa kwa ajili ya kiuno. Siku za lazima za kufunga chakula ni mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59. Na wagonjwa hawalazimishwi. Twafunga ili tumrudie Mungu, na tunachojinyima tumpe maskini. Anayefunga apate kupendeza ndani ya gauni amechanganya mambo mawili, na yote mawili yaweza kumpotea.

Je, ipo njia nyingine? Ipo, na imejaribiwa. Huko Marekani madaktari walichukua watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari, wakawagawa. Wengine walipewa vidonge viitwavyo metformin. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Wengine walifundishwa mazoea: kupunguza mafuta na wingi wa chakula, kutembea kwa haraka dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku 5, na kupunguza 7 katika kila 100 za uzito wao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Baada ya miaka karibu mitatu, vidonge vilikuwa vimepunguza kisukari kwa 31 kwa mia. Mazoea yalikipunguza kwa 58 kwa mia! Wala watu wale hawakuachwa wapambane peke yao. Kila mmoja alikuwa na mwalimu wa kumfundisha na kumwuliza habari mara kwa mara. Hilo tutalirudia.

MAZOEA HUFANYWAJE?

Wataalamu wa University College London walichunguza swali hili hili kwa watu 96, na habari zake zilichapishwa mwaka 2010. Kila mtu alichagua jambo moja dogo, alifanye kila siku baada ya jambo lingine la kawaida, kwa mfano baada ya chai ya asubuhi. Ikaonekana kuwa kwa mtu wa katikati zilipita siku 66 kabla jambo halijawa zoea, yaani kabla hajalifanya bila kujilazimisha. Wepesi zaidi walifika kwa siku 18. Wazito zaidi walikadiriwa kuhitaji siku 254. Na mtu aliyeruka siku moja hakuharibu kazi yake. Aliendelea kesho yake, na zoea likaendelea kukua.

Sasa fanyeni hesabu. Toka Jumatano ya Majivu hata mkesha wa Pasaka ni siku 46, pamoja na Dominika. Siku 66 zafika karibu majuma matatu baada ya Pasaka. Basi mtu aachaye zoea lake asubuhi ya Pasaka, aung'oa mche kabla haujashika mizizi.

Sisi Wakatoliki twaijua njia hii tangu utoto. Kengele ya Malaika wa Bwana hulia asubuhi, adhuhuri na jioni. Nani ajiulizaye kila siku, "Leo nisali au nisisali?" Kengele yalia, mkono wafanya ishara ya msalaba. Jambo jipya lifungeni namna hiyo kwenye jambo la zamani. Baada ya sala ya asubuhi, kunywa maji kikombe kimoja kabla ya chai. Baada ya kubariki chakula, mkono uende kwanza kwenye mboga. Baada ya Rozari ya jioni, jiko limefungwa, hakuna tena kula.

Katekisimu yatufundisha fadhila kuu nne: busara, haki, nguvu na kiasi. Kiasi hakipatikani kwa azimio moja. Chapatikana kwa matendo mema yanayorudiwa siku kwa siku, neema ya Mungu ikisaidia. Haba na haba hujaza kibaba; na kibaba kilichojaa haba na haba, hupunguzwa haba na haba.

MAMBO MANNE YA KUANZIA

Msiyashike yote kwa siku moja. Shikeni moja kwa miezi miwili, likizoeleka, ongezeni la pili.

Kwanza, kikombe. Watu wengi hutia vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe cha chai, na hunywa vikombe vitatu kwa siku. Hivyo ni vijiko 9. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu afanye vizuri zaidi asipopita gramu 25 hivi za sukari kwa siku, yaani vijiko vidogo 6, tukihesabu pamoja na asali na vinywaji vitamu. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko 8 hivi au zaidi. Basi huyo mwenye chai yake amekwisha kupita kabla hajagusa soda.

Msiache kwa siku moja, mtaichukia chai. Punguzeni nusu kijiko kwa kila kikombe, kaeni majuma mawili, ulimi uzoee, kisha nusu nyingine. Katika miezi miwili mmetoka vijiko vitatu mpaka kimoja. Mtu mmoja aokoa vijiko 6 kwa siku, karibu gramu 24. Kwa mwaka ni karibu kilo 9. Nyumba yenye watu 6 wanywao hivyo yaokoa gunia zima la kilo 50, na ziada! Baba, hesabu mwenyewe kwa bei ya duka la kwenu, uone ni daftari ngapi za shule.

Pili, kijiko. Mama wengi humimina mafuta kutoka chupani, wakipima kwa jicho. Jicho halina mizani. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina nguvu ya chakula inayokaribia ile ya vijiko vidogo 7 vya sukari. Basi mafuta yapimwe kwa kijiko kila siku. Ikiwa sufuria ilikuwa ikipata vijiko 6, ipate 4, baadaye 3. Mchicha, matembele na kisamvu vikiungwa kwa nyanya, kitunguu na karanga kidogo zilizosagwa, hakuna atakayeuliza mafuta yamekwenda wapi. Na maandazi na chapati viwe vya Dominika na sikukuu, visiwe mkate wa kila siku.

Tatu, sahani. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe ugali au wali au ndizi, robo iwe maharage, kunde, dagaa, mayai au nyama. Wengi wetu hufanya kinyume: mlima wa ugali, na mboga kidogo pembeni ya kutelezesha tonge. Mnaokula katika sinia moja, kuleni polepole, mkizungumza. Tumbo huchelewa kupeleka habari kwamba limeshiba, na alaye haraka hupitiliza. Sahani ikiisha, ngojeni kidogo kabla ya kuongeza. Unga wa dona wafaa kuliko sembe, kwa kuwa una pumba na kiini chake, nao hushibisha kwa muda mrefu. Ila mahindi ya dona yawe makavu kabisa, yasiwe na ukungu, maana ukungu una sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Ashikaye jembe siku ya kulima ana haki ya ugali wake wote. Lakini jembe likipumzishwa mwezi wa Julai, matonge nayo yapungue. Kosa letu ni kula mwaka mzima kana kwamba twalima mwaka mzima.

Nne, miguu. Wengine husema, "Mimi natembea, basi nile nitakavyo." Tusikie habari ya Wahadzabe, ndugu zetu wa karibu na Ziwa Eyasi, waishio kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Wataalamu waliwapima, na matokeo yalitolewa mwaka 2012. Wanaume walitembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Lakini nguvu yote iliyotumiwa na miili yao kwa siku haikupita ile ya watu wa Marekani na Ulaya wenye miili ya ukubwa ule ule. Ajabu! Maana yake ni kwamba kutembea peke yake hakufuti makosa ya kikombe na sahani. Ndiyo sababu tumeanza na chakula.

Hata hivyo miguu ina kazi yake kubwa. Kutembea huimarisha moyo, hushusha shinikizo la damu na sukari, na humsaidia aliyepungua asinenepe tena. Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku 5 kwa juma, yatosha kwa kuanza. Kanisani Dominika nendeni kwa miguu, kama njia si ndefu mno. Mwenye duka na atembee mwenyewe badala ya kumtuma mtoto. Pikipiki na iwe ya safari ya mbali na ya mgonjwa.

NENO KWA AKINA BABA

Baba mpenzi, mkeo akiambiwa na tabibu apunguze uzito, usiseme, "Shauri yako." Wala usimwambie, "Mimi napenda mke mnene, watu wasije wakasema simlishi." Neno lako moja laweza kumvunja au kumsimamisha. Mama hawezi kupika vyungu viwili, kimoja cha afya yake na kimoja cha mafuta yenu. Nyumba ikinywa chai ya kijiko kimoja, wote wanywe. Jioni tembea pamoja naye mpaka jumuiyani. Wakiuliza watu, jibu wewe kwa sauti: "Tumeshauriwa zahanati, na sote tumeanza." Umbea hufa mahali ambapo mume na mke wasema neno moja.

Na wewe mwenyewe, pima kwa kamba ile ile ya kwako. Bia nayo ina nguvu ya chakula kama ugali. Kitambi chake hakitokani na cheo.

Jumuiya nazo zina kazi hapa. Wazee wanakumbuka mwaka 1973, Tanzania ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio. Watu karibu milioni 2 walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha maji. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika kikundi: jirani alimwona jirani akichimba, naye akachimba. Wale wa Marekani walikuwa na mwalimu wa kuwauliza habari. Sisi tuna jumuiya. Kila mwezi, baada ya sala, ulizaneni: "Kikombe kinaendeleaje? Kamba yasemaje?" Na siku ya zamu ya kila nyumba, chai ya jumuiya iwe ya sukari kidogo, pamoja na matunda badala ya soda.

UKIANGUKA, INUKA

Komunio ya Kwanza itakuja, na Kipaimara, na harusi, na Noeli. Sikukuu ni sikukuu. Kanisa halitaki tununne mezani siku ya furaha. Kula pilau yako kwa shukrani, sahani moja, ushibe, kisha inuka ucheze ngoma. Kesho yake asubuhi rudi kwenye kikombe chako cha kijiko kimoja. Hatari ya sikukuu ni ile sauti isemayo kesho yake, "Nimekwisha haribu, basi niache." Usiisikilize. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Mtu akianguka katika dhambi huenda kitubioni, haachi Ubatizo wake. Na katika mazoea ya mwili twafanya vile vile, twaanza tena.

WASIOPASWA KUPUNGUZA

Sasa maonyo, myasome kwa makini. Mama mjamzito asijipunguze, wala anyonyeshaye asijinyime. Watoto wasipunguziwe chakula. Wapunguziwe soda, pipi na biskuti, na wapewe mayai, maharage, maziwa na matunda. Wazee waliokwisha kukonda, wagonjwa wa kifua kikuu, na wote walio wembamba, maneno haya si yao. Atumiaye dawa ya kisukari au ya shinikizo asiache dawa yake kwa sababu amepungua, wala asifunge kula kabla ya kumwuliza tabibu. Na mtu akikonda bila kutaka, akiwa na kiu nyingi, au kukojoa mara kwa mara, au kikohozi kisichopona, aende zahanati mara moja. Huko si kupungua kwa heri. Tena jihadharini na wauzao dawa za kupunguza tumbo kwa juma moja. Tumbo lililokuja kwa miaka kumi haliondoki kwa chupa moja.

Basi, wasomaji wapenzi, Dominika hii mkitoka Misani kateni kamba, kila mtu mzima na ya kwake, mzitundike nyuma ya mlango. Jioni ketini, baba, mama na watoto, mchague jambo moja tu. Liandikeni katika kalenda ya parokia pamoja na tarehe, na mhesabu siku 66. Bibi yule wa kisimani aone wivu, aulize, nanyi mmfundishe. Watoto wakikua katika nyumba yenye kiasi, hawatahitaji kufundishwa na tabibu uzeeni. Watakuwa wamefundishwa na kikombe cha mama yao.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya chumvi.

Kaeni na amani ya Bwana.